Masikio Yaonekane

Kazi yangu ni nyuso.
Duka liko nyuma ya soko la zamani, Malindi:
pazia la buluu, stuli, kioo cha kuchania nywele,
na maneno niyasemayo tangu asubuhi hadi jioni:
kidevu juu. Usicheke. Masikio yaonekane.

Basi Jumwa aliponiambia, njoo Sabaki,
lete ile lenzi ndefu unayoifuga vumbi,
nilidhani ni kazi ya saa moja.
Ndege naye ana uso. Ana kidevu.

Tuliacha boda darajani, tukavua viatu.
Mto pale huja na udongo wa bara, rangi ya chai ya maziwa,
bahari huukataa kidogo, kisha huukubali.
Katikati, fungu la mchanga,
na juu ya fungu, kelele.

Jumwa ana daftari la miraba
alilonunua la kuandikia madeni ya vitenge.
Miaka sita, kila mwezi, anaandika humo:
buabua, elfu moja na mia mbili.
Sululu, thelathini na mmoja.
Heroe, sifuri. Heroe, sifuri. Heroe wanne, kwa mbali.
"Hakuna anilipaye," asema, "ila nisipokuja
ni kama nimeacha mlango wazi."

Nikapiga goti topeni.
Kitwitwi akaja mbio, akasimama, akaenda mbio,
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau ametumwa nini.
Nikabonyeza. Mchanga.
Nikabonyeza. Mkia, na mchanga.
Shakwe mmoja akanitazama kwa jicho la pembeni,
sura ya karani asiyetaka kugonga muhuri,
nami, Mungu anisamehe, nikamwambia kwa sauti:
kidevu juu.
Jumwa akacheka hadi akakaa chini.
Shakwe akaruka, akaruka na fungu zima.

Nani alijua ndege elfu wakiinuka
huacha upepo? Ulinipiga shavuni,
una harufu ya dagaa na ya chokaa.
Nilibonyeza bila kulenga, kama mtu anayejikinga.

Maji yakaanza kujaa.
Nyayo za kiboko zikajaa moja moja, kama vikombe.
"Twende," Jumwa akasema, "yule hapendi picha."

Chini ya mvinje nikaanza kufuta.
Hii mbovu. Hii mbovu. Hii ni kidole changu.
Hii hapa ndege hana kichwa, hana bawa,
miguu miwili tu yaning'inia ukingoni mwa picha
kama soksi zilizosahauliwa kambani.
Nilikuwa nabonyeza...
"Ngoja!" Akanishika mkono. "Kuza. Kuza tena."

Kwenye mguu wa kushoto, pete.
Kwenye pete, herufi mbili na tarakimu tatu,
wazi kuliko kitambulisho changu.

Mtu fulani, pwani nisiyoijua, alimshika huyu,
moyo wake ukimgonga vidoleni,
akamvisha namba, akafungua kiganja.
Jumwa aliiandika mara mbili,
kwa penseli, kisha kwa wino,
na hakusema neno tena hadi darajani.

Jumatatu alikuja Mumba, fundi friji.
Picha nne za pasipoti. Anakwenda Doha, hajui hadi lini.
Kidevu juu, nikasema. Usicheke.
Masikio akayatoa mwenyewe; ameshafundishwa.
Zikatoka safi, zote nne, zote sawa.

Alipokuwa akihesabu chenji niliona
uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wake,
fundo la mtu aliyekuwa na haraka.
"Nani kakufunga?"
"Mama."

Nikamwomba aurudishe mkono mezani,
hapo, penye mwanga.
Hii, nikamwambia, hulipi.